Printa Iliyopiga Hodi

Butimba, Mwanza
Usiku wa kuamkia safari yako

Kokushubira mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia nyuma ya ukuta huu unakoroma kama baba yako, na begi lako liko karibu na mlango, limefungwa kamba juu ya kamba kana kwamba vibaka wote wa stesheni ya Tabora wanalisubiri lipite. Hali yangu ni nzuri. Nimekaa mezani mbele ya kompyuta lakini naandika kwa kalamu, kwa sababu barua ya mama kwa mwanawe ikichapwa inafanana na barua ya kuachishwa kazi. Hiyo nimeshaipokea moja maishani, na inanitosha.

Sitakuambia uvae sweta kwenye treni wala usinunue chakula dirishani treni ikiwa imeanza kuondoka. Baba yako ameyasema hayo tangu juzi, na kesho stesheni atayarudia yote mpaka kengele ilie. Mimi nina neno langu, na nitalizungukia kidogo kabla sijalifikia. Unanijua.

Juzi ulikuwa jikoni na baba yako, mkidhani nimelala. Ulimwambia hivi: "Baba, naona bora nisogeze safari. Kesi ya Mama Milembe bado haijaamuliwa, na mama hawezi kuifunga ile mashine peke yake. Nikiondoka, watu wataingia tena." Baba yako akasema, "Kamwambie mwenyewe." Hukuja kuniambia. Ukabaki kunipitia hapa mezani, mara uguse waya huu, mara ule, ukinitazama kama mtu anayemwachia jirani mtoto mchanga.

Nilikasirika, Koku. Mimi niliyechapa barua za siri za wakubwa wa chama cha ushirika tangu hujazaliwa, leo niachwe kwa wasiwasi na binti niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati! Asubuhi hasira ikapungua, nikaona kilichobaki chini yake. Ulikuwa umesema kweli. Kila mara uliyefunga ni wewe, mimi nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai, naitikia "ehee" kama ninayeelewa. Na kama hiyo ni kweli, dawa yake si wewe kukosa treni.

Kwa hiyo leo mchana nimefanya jambo, na nitakueleza. Lakini kwanza niache nirudi nyuma, maana ukifika Dar utapewa kompyuta za watu uzitunze, na nataka uende ukijua kwa nini mama yako, mtu mwenye akili zake, aliacha nyumba wazi namna ile.

Nilipoolewa kijijini kwa baba yako nilitoka shule ya bweni, na shule ya bweni mtu unafunga kila kitu, hata sabuni. Nilipewa chumba chenye kufuli. Kila nilipokwenda shambani nilifunga, nikatia ufunguo kwenye kanga. Siku moja bibi yako alikuwa amesimama uani anaanika kahawa, akasikia ufunguo ukizunguka. Jioni chakula kilipopakuliwa, mimi nikawekewa peke yangu, kwenye jani langu, pembeni. Sikuelewa mpaka wifi yangu aliponifuata kesho yake kisimani na kuniuliza, "Wifi, humu ndani umemwona nani mwizi?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi nikang'oa lile kufuli, nikampelekea bibi yako mkononi. Alicheka, akaniita mwanawe kwa mara ya kwanza.

Tangu siku ile sikufunga mlango tena mchana. Hapa Butimba umekua ukiona: jirani anaingia kuchota chumvi mimi nikiwa bafuni, mwalimu anakuja kungoja mvua ikatike, na mtu akipiga hodi mimi najibu karibu kabla sijajua ni nani. Niliipenda sana tabia hii. Nilijisifu nayo, na bado najisifu kidogo.

Ndipo ushirika ulipoanza kuyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia kila kona na mizani zao, na sisi wa ofisini tukapewa mkono wa kwaheri. Nikaweka taipureta hapa sebuleni. Baba yako akapata kazi ya kutengeneza majokofu kwenye kiwanda cha minofu, tukavuta kidogo kidogo, tukapata kompyuta ya kwanza, kisha ya pili. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita na kozi yako ya mjini, ukatuunganishia mashine zote mbili kwa waya ili mimi na Felista, msichana niliyemwajiri anisaidie kuchapa, tutumie faili zilezile na printa moja. Nakumbuka ulivyogeuka na kuniuliza, "Mama, inataka neno la siri la diski. Tuweke gani?"

Nikasema, "La nini? Namficha nani? Felista?" Felista alikuwa amekaa palepale, mtoto wa watu, anachapa. Nikausikia ule ufunguo ukizunguka kwenye kufuli, na yule mama mkwe uani. "Acha wazi," nikakuambia. Ukaacha wazi, kwa sababu wewe ni mtoto msikivu, na mimi nilikuwa nimekaza sauti.

Mwaka haukuisha, intaneti ikafika Mwanza. Tukanunua modem, tukaunga kwenye simu ya mezani, na kila jioni ile mashine ikawa inalia kama paka aliyekanyagwa halafu inanyamaza, na mimi nasoma barua za mjomba wako Festo, ambaye anakaa Kirumba, mwendo wa dakika chache, lakini anaona fahari kuniandikia kwa kompyuta. Sikujua kwamba waya ule wa simu ulikuwa umeongeza mlango kwenye nyumba yangu, na mlango wenyewe ulikuwa unafunguka kwa dunia nzima.

Jioni yenyewe hutaisahau. Nilikuwa jikoni nakaanga senene. Wewe ulikuwa uani unaosha sufuria. Felista alishakwenda kwake. Baba yako alikuwa sebuleni na redio yake, na kompyuta ilikuwa bado imeshika simu kwa sababu nilikuwa nangoja barua ya Festo. Mara printa ikaanza. Unaijua printa yetu ya sindano, ikichapa neno moja mtaa mzima unajua. Ikalia kidogo, ikasimama. Nikamsikia baba yako anasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma kila kitu: "Hodi."

Nami kutoka jikoni, mwiko mkononi, nikaitikia, "Karibu!"

"Karibu nani?" baba yako akasema. "Mama Koku, huku hakuna mtu."

Tunacheka leo. Siku ile hatukucheka. Nilikuja nikaiona karatasi: HODI, herufi kubwa, katikati. Na mimi, badala ya kufikiri, nikatoka uani nikakugombeza. Nilikuambia umeacha kazi umekuja kuchezea vitu vya biashara. Ulinyoosha mikono yote miwili, ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, ukaniuliza, "Kwa mikono hii?" Hilo tulishalimaliza, nilikuomba radhi na ukala firigisi ya kuku ambayo kwa haki ni ya baba yako. Nalitaja tu kwa sababu nimejifunza kitu: mtu akiogopa anamgombeza aliye karibu. Ukiwa na wadogo kazini, likumbuke.

Jioni ya pili ikachapa: HODI TENA. MBONA HAMFUNGI? Baba yako akauliza kama tumwite mchungaji. Ukamjibu, "Baba, mchungaji hana modem," naye akanuna mpaka usiku. Mimi bado nilikuwa nabishana na wewe kwamba ni hitilafu ya mashine. Nilikuwa na sababu yangu ya kubisha: kama si hitilafu, basi kosa ni langu.

Jioni ya tatu hapakuwa na hodi. Printa ilianza, haikusimama. Karatasi ikawa inashuka, inashuka, na nilipoinama kuisoma nikakutana na maneno niliyoyachapa mwenyewe. "Mimi mjane wa marehemu, mkazi wa Sengerema, naieleza mahakama." Yalikuwa maelezo ya Mama Milembe. Yale ambayo alinisimulia akiwa amekaa kwenye kiti hiki, amefunika mdomo kwa kanga, kuhusu shamba ambalo shemeji zake wanataka kumnyang'anya, na kuhusu ugonjwa uliomuua mumewe, ambao hakuwa ameutaja kwa mtu yeyote isipokuwa daktari na mimi. Mtu nisiyemjua, aliyekaa nisikokujua, alikuwa ameyasoma yote, na sasa ananionyesha kwamba ameyasoma.

Wewe ulinyoosha mkono ukachomoa waya wa simu ukutani, printa ikamaliza mstari wake na kunyamaza. Nilikuona siku ile, Koku. Nilikuona ni mtu mzima.

Usiku huo ulinichorea nyumba kwenye gazeti, yenye milango mingi, kila mmoja na namba yake. Ukasema kompyuta ndivyo ilivyo: kila kazi inayoifanya na wenzake ina mlango wake, na mlango ukiwa unasikiliza, anayegonga anajibiwa. Ukafungua dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta, ukaandika amri, ikashuka orodha, ukaniwekea kidole kwenye namba 139. "Huu ndio mlango wa kugawana diski na printa," ukasema. "Sisi tuliufungua kwa ajili ya Felista. Lakini mashine haijui Felista ni nani. Imeufungua kwa waya wa ndani, na imeufungua kwa waya wa simu pia. Yeyote aliye kwenye intaneti akigonga, inamwambia karibu, kama wewe."

Kama wewe! Lilinichoma, lakini ulikuwa sahihi.

Ukatenganisha ugawaji ule na waya wa simu, ukauacha kati ya mashine zetu mbili tu, kisha ukaweka neno la siri kwenye diski. Asubuhi nilimngoja Felista kwa aibu, nikamweleza kwa mzunguko mrefu kwamba si kwamba simwamini, ila mambo ya mtandao, ila dunia imebadilika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mbona mimi kwangu nafunga hata nikienda bombani? Siku zote nilikuwa nakushangaa." Miaka yote ile nalinda heshima ya mtu ambaye hakuwa ameiomba.

Sasa nifike Sengerema, kwa sababu ndiko neno langu liliko.

Baba yako alisema tusimwambie Mama Milembe. Si kwa ubaya, unamjua baba yako, hapendi kumwona mtu analia. "Mlango umefungwa," alisema. "Huyo mama atajuaje? Ukienda kumwambia unamwongezea jeraha." Na mimi nilitaka sana kumsikiliza. Nilikaa siku nzima nikijiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Wewe ulikuwa unamenya ndizi, hukuinua hata macho, ukasema, "Mimi ningependa kuambiwa." Basi. Ukaendelea kumenya. Kesho yake tukapanda kivuko.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anachambua dagaa kwenye ungo. Ulipiga magoti ukamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akatutafutia vigoda. Nikamwambia bila kuzunguka, na unajua jinsi kutozunguka kulivyo kazi kwangu. Nikasema kompyuta yangu ilikuwa wazi, kosa langu, mtu ameingia kwa njia ya simu na ameyasoma maneno yako.

Aliendelea na dagaa wake. "Nani?"

"Simjui."

"Wa huku kwetu?"

"Sijui, mama. Kiswahili anakijua. Anaweza kuwa Mwanza, anaweza kuwa popote."

"Ameyasoma yote? Hata ya marehemu?"

"Hata ya marehemu."

Kuku wakaja wakadonoa pembeni ya ungo, hakuwafukuza. Mwishowe akauliza, "Sasa wewe humjui, wala hujui atayapeleka wapi. Umekuja kunifanyia nini?"

Nikasema, "Maneno ni yako. Nimeona si haki mimi nijue yaliko na wewe usijue."

"Na ungeninyamazia?"

"Usingejua."

Alinitazama wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nilitaka kulia na sikuona haki ya kulia pale kwake. Kisha akakusogezea wewe ungo, akasema, "Haya, binti, nisaidie, tupike mpate kula. Na wewe mama, ukirudi nifungie vizuri. Mimi sina mwandishi mwingine." Tukala ugali na dagaa, na hakurudia tena habari ile mpaka tunaondoka. Tukiwa njiani kwenda kivukoni uliniuliza kwa nini natembea haraka. Nilikuwa nakimbia machozi yangu yasije kukukuta.

Hatujamjua mwenye hodi mpaka leo. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikienda posta namtazama kila kijana mwenye kalamu mfukoni, najiuliza ndiye? Siku hizi sijiulizi. Hata kama alitaka kutuonya, alionya kwa kumvua mtu nguo. Na mimi niliyemkaribisha, ukarimu wangu ulikuwa wa nini? Kiti changu naweza kumpa yeyote. Chumvi yangu, chai yangu, mwavuli wangu. Lakini ndani ya ile diski hapakuwa na changu hata kimoja. Kulikuwa na wosia wa watu, barua za kuomba kazi, maneno ya mjane. Nilikuwa nakaribisha wageni kwa vitu vya watu, na kujiona mwema.

Hilo ndilo nililokuwa nalizungukia. Huko unakokwenda watakukabidhi funguo. Utakutana na mkubwa atakayekasirika ukimwekea neno la siri, atakuuliza kama unamwona mwizi, na utamwona wifi yangu kisimani. Mweleze kwa upole, halafu funga. Na siku utakapokuta mlango wa mtu mwingine uko wazi, usiingie kutazama kuna nini. Mwendee umwambie, uso kwa uso kama unaweza. Na siku utakapokosea wewe, maana utakosea, una akili lakini una haraka, usingoje mtu agundue. Panda kivuko uende. Nimeshakosea kwa njia nyingi, mwanangu, na ile safari ya Sengerema ndiyo pekee ambayo nikiikumbuka usiku napata usingizi.

Sasa ya leo.

Ulipokwenda kanisani kuagwa na kwaya, nilimruhusu Felista aende kwake mapema, nikamwita baba yako akae hapa awe shahidi. Nikavaa miwani. Nikapiga simu ya intaneti kwanza, kwa sababu uliniambia ukikagua kabla ya kuungana unakagua nyumba ambayo barabara haijafika. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika mwenyewe, herufi kwa herufi: netstat, nafasi, kistari, an. Orodha ikashuka. Nikaishika kwa rula mstari kwa mstari. Kwenye ile anwani inayotoka kwenye simu, 139 haikuwepo. Nikashangilia moyoni.

Kisha rula ikafika kwenye mstari nisioujua. Namba ndefu, na mbele yake neno lile la kwamba inasikiliza. Baba yako akasema, "Mngoje mtoto arudi." Nikamwambia nyamaza. Nikakumbuka ulivyosema, kwamba mlango haujifungui, kuna programu iliyoufungua, itafute. Nikaanza kuzima programu moja baada ya nyingine, na kila nikizima moja nairudia ile amri. Nikazima ya barua, mstari upo. Nikazima ya hesabu, upo. Nikazima kile kipicha kidogo cha ua kilichokuwa pale chini pembeni, karibu na saa, mstari ukatoweka.

Unajua kile kiua ni cha nani? Ni ile programu yako ya kupigia soga na marafiki zako wa Nairobi. Uliiweka mwenyewe, ukaiacha inajiwasha kila mashine ikiwaka. Unamhofia mama yako, na mlango uliokuwa wazi ni wako! Nilicheka mpaka baba yako akadhani nimepatwa na jambo. Nimeiondoa. Soga utapiga huko huko.

Lakini orodha yangu mwenyewe haikunitosha, kwa sababu mtu aliye ndani hawezi kujua mlango unaonekanaje kutoka nje. Nilikuwa nimepatana na Festo akae kwenye kompyuta ya duka lake. Nikamtumia kwa barua pepe ile anwani ya namba ambayo mashine yetu ilikuwa imepewa, nikamwambia: ingia kama unaweza. Tumia na ile programu ya kugonga milango aliyokupa Koku. Ukifanikiwa, chapa hodi.

Nikaiwasha printa, nikatia karatasi. Baba yako akavuta kiti akakaa mbele yake, mikono magotini, kama mtu aliye hospitali anangoja kuitwa. Mimi nikakaa huku. Taa nyekundu ya printa ilikuwa inawaka, na kila lori lilipopita barabarani tukashtuka wote wawili. Nilimfikiria Mama Milembe, ambaye Jumatatu atavuka kuja kuchukua nakala za mwisho za kupeleka mahakamani. Nikawa naomba, na sijui kama inafaa kuomba kwa ajili ya printa, lakini niliomba.

Printa haikusema kitu. Tukakaa mpaka chai ya baba yako ikapoa na utandu juu. Mwisho nikakata intaneti, na kabla sijainuka simu ikalia. Ni Festo.

"Dada," akasema, "nimebisha mpaka nimechoka. Mbele, nyuma, ubavuni. Hakuna hata aliyeniitikia. Una hakika mko nyumbani?"

Nikamwambia, "Tuko." Nikaweka simu chini, nikalia, Koku, na haikuwa huzuni hata kidogo. Baba yako akanipa leso yake yenye mafuta ya mashine. Akasema, "Basi mtoto aende."

Basi uende. Usisogeze safari hata siku moja. Jumatatu nitamkabidhi Mama Milembe karatasi zake, na nitamwambia kwamba nimefunga kwa mkono wangu. Hukumu ikitoka, vyovyote itakavyokuwa, nitakuandikia. Kila nikiunga simu nitaiita ile orodha na kuipitia kwa rula. Naweza. Ningependa ungeniona leo.

Usilie sana kesho stesheni, maana nikikuona nitalia na mimi, na baba yako ana leso moja tu. Nitakukosa, mwanangu. Sebule itakuwa kubwa. Nitakuwa naweka vikombe vitatu mezani na kurudisha kimoja kabatini.

Jumapili jioni nitachomoa modem mapema ili simu ya mezani iwe huru. Ukipata kibanda cha simu, piga, hata kama huna la kusema.

Na siku utakayorudi, iwe mchana iwe usiku, utaukuta mlango wa nyumba hii umefungwa, kwa sababu siku hizi nafunga. Ufunguo wako nimeutia kwenye mfuko wa ndani wa sweta, ile ambayo sikutaka kukuambia uivae. Usisimame nje, mwanangu, na usipige hodi. Fungua, uingie.

Mama yako